Maisha ya Mtakatifu Matia Mulumba, Baba wa Nyumba na Mwalimu wa Dini



Katika kitabu hiki kidogo mtasoma habari za parokia yetu: mapadri waliotutangulia, namna kanisa lilivyojengwa, na namna mashirika yetu yalivyoongezeka. Sisi makatekista tumeombwa kuandika maisha ya mtakatifu mmoja ambaye jamaa zetu zaweza kumfuata. Tumemchagua Matia Mulumba, shahidi wa Uganda. Watu wengi wa kwetu wanawajua Karoli Lwanga na Kizito, kwa kuwa vijana wengi wanaitwa kwa majina yao. Matia hakuwa kijana wa nyumba ya mfalme. Alikuwa mtu mzima wa miaka karibu 50, mwenye bibi, watoto, shamba na cheo. Imani yake ilikomaa nyumbani na shambani, yaani fasi ile ile ambapo wengi wetu tunapitisha siku sita za juma. Ndiyo sababu tumependa kumweka mbele ya macho ya wazazi wakristu wa Goma.

MTOTO ALIYETOLEWA KWAO

Matia alizaliwa yapata mwaka wa 1836 katika Bunya, sehemu moja ya inchi ya Busoga, mashariki ya fasi ambapo mto Nile unatoka katika ziwa kubwa la Nyanza. Watu walimwita Kalemba. Nyakati zile Wabaganda walivamia inchi ya Busoga mara kwa mara, wakichukua mateka na mifugo. Kalemba alitekwa akingali mtoto, akapelekwa Buganda, akawa mtumwa katika inchi ya wageni.

Lakini Mungu hakumwacha. Aliangukia katika mikono ya mtu mwema, jina lake Magatto. Huyu hakumfanya kama mnyama wa kazi. Alimlea nyumbani kwake kama mtoto wake mwenyewe, hata Kalemba akazoea kumwita baba, na mpaka uzee wake alimtaja kwa jina hilo.

Tusipite haraka juu ya habari hii. Katika parokia yetu kuna jamaa nyingi zinazolea watoto ambao hazikuwazaa. Vita viliwatoa wengine Masisi, wengine Rutshuru, wengine Walikale. Walifika hapa wakishika mkono wa jirani au wa shangazi, na wengine hawakuwa na mkono wa kushika. Mama aliyeongeza sahani moja juu ya meza yake anadhani pengine kwamba hakufanya jambo kubwa. Magatto naye hakujua alikuwa anamlea nani. Hakubatizwa, wala hakupata kumwona padri hata mmoja. Hata hivyo, nyumba yake ndiyo iliyokuwa shamba la kwanza ambamo Mungu alipanda moyo wa Matia.

KUNGOJEA MVUA

Magatto alikuwa mtu wa kufikiri. Aliamini kwamba desturi za dini za Wabaganda hazikuwa na ukweli wote, naye aliutafuta ukweli huo moyoni mwake pasipo kuupata. Kabla ya kufa alimwambia Kalemba kwamba siku moja watakuja watu watakaofundisha njia iliyo sawa, na ya kuwa siku hiyo asikose kuwafuata. Kalemba alilishika neno hilo kwa miaka mingi.

Mkulima wa kwetu hangoji mvua ya mwezi wa tisa akiwa amelala. Katika mwezi wa nane, jua likiwa kali na vumbi likiruka, anafyeka, anageuza udongo, anachagua mbegu za maharagi na kuziweka tayari. Kalemba alifanya vivyo hivyo. Waislamu walipofundisha katika Buganda, aliwasikiliza na kufuata dini yao. Wamisionari Waprotestanti walipofika mwaka wa 1877, aliwaendea hao pia. Kisha, tarehe 17 Februari 1879, Padri Simeon Lourdel na Bruda Amans, wa kwanza wa Mapadri Weupe katika Buganda, walifika. Mwaka wa 1880 Kalemba alianza kufuata mafundisho yao, akaona kwamba hapa ndipo palipo neno ambalo baba yake Magatto alilingojea.

Wakati huo alikuwa amekwisha kupata cheo. Chifu mkubwa wa jimbo la Singo, aliyeitwa Mukwenda, alimweka kuwa msimamizi chini yake, na jina la cheo hicho ni Mulumba. Mtu wa namna hiyo aliamuru, wala hakuamriwa na watu wadogo. Pamoja na hayo alikaa katikati ya vijana na watumwa, akajifunza sala na katekisimu kama mtoto. Tarehe 28 Mei 1882, siku kuu ya Pentekoste, alibatizwa kwa jina la Matia, pamoja na rafiki yake Luka Banabakintu. Alikuwa na miaka zaidi ya 40. Watu wazima wa parokia yetu wanaoona haya kuingia katekumenato pamoja na watoto wa shule wamkumbuke.

NYUMBA YA BIBI MMOJA

Sasa tunafika kwenye jambo lililomgharimu sana. Matia, kama wakubwa wote wa Buganda, alikuwa na wake wengi. Sherti tuelewe maana yake katika inchi ile. Chakula cha Wabaganda ni ndizi. Kila bibi alikuwa na shamba lake la migomba karibu na nyumba, akalilima, akavuna, akapika. Mtu mwenye wake wengi alikuwa na mashamba mengi, vyungu vingi juu ya moto, wageni wengi, na sifa nyingi mbele ya chifu. Kuwaacha wake ilikuwa kupunguza mashamba, kupunguza meza, na kujishusha mbele ya watu wote.

Matia alikubali hasara hiyo. Alibaki na bibi mmoja, Kikuvwa. Wale wengine hakuwafukuza mikono mitupu. Aliwapa kila mmoja kitu cha kuendelea kuishi. Jambo hili linaonyesha moyo wake. Kuna watu wanaotaka kupokea masakramenti na kuwaacha wanawake na watoto njiani bila msaada wowote, kama ganda lililotupwa. Matia alijua kwamba haki ni sehemu ya toba, na kwamba aliye baba hawezi kujitakasa kwa kuwatesa wengine.

Tangu siku hiyo nyumba yake ikawa ndogo, na sala ikapata fasi ndani yake. Bwana na bibi na watoto walisali pamoja. Majirani waliokuja kucheka waliona kwamba Mulumba ana amani, na wengine kati yao walirudi tena kuuliza sababu yake.

KAZI YA MIKONO

Desturi ya wakati ule ilimwekea mkubwa mipaka mingi. Hakubeba mzigo, maana mzigo ni wa mtumwa. Hakushika jembe, maana jembe lilikuwa la mwanamke. Alitembea mbele, na watu wake walimfuata na vitu vyake.

Baada ya ubatizo Matia aliiacha fahari hiyo. Watu walishangaa kumwona mtu wa cheo chake akibeba mzigo mwenyewe na kufanya kazi kwa mikono yake bila haya. Alikuwa amejifunza kwamba Mwana wa Mungu alifanya kazi ya mikono katika Nazareti kwa miaka mingi kabla ya kuhubiri.

Kwetu pia yako mafundisho katika jambo hili. Mara nyingi mama anatoka asubuhi na jembe begani na mtoto mgongoni, anarudi jioni na kuni juu ya kichwa, na baba anamngoja kwenye kiti akiuliza chakula kiko wapi. Kisha wote wawili wanakwenda kanisani siku ya Mungu na kukaa kwenye benchi moja. Tunaamini kwamba Matia, angetutembelea, angeanza kwa kumpokea mama yule kuni zake. Imani yenye kuishi siku zote inaanzia katika mambo madogo ya namna hiyo, kama vile shamba zuri linavyoanzia katika kung'oa majani mabaya yakingali madogo. Anayengoja mpaka yakue atayang'oa pamoja na maharagi yake.

MIAKA ISIYO NA PADRI

Mwezi wa Novemba 1882, yaani miezi sita tu baada ya ubatizo wa Matia, Mapadri Weupe walilazimika kuondoka Buganda. Walivuka ziwa wakaenda Bukumbi, upande wa kusini. Wakristu wapya waliachwa bila Misa, bila kuungama, bila mwalimu. Mtu yeyote angefikiri kwamba mbegu iliyopandwa juzi itakauka.

Mapadri walirudi mwezi wa Julai 1885, baada ya kifo cha mfalme Mutesa, mwanaye Mwanga alipokuwa amekwisha kutawala. Walikuta wakristu wameongezeka. Miongoni mwa fasi ambapo dini ilikuwa imesitawi ni Mityana, katika jimbo la Singo, nyumbani kwa Matia. Huko Matia na Luka Banabakintu waliwafundisha jamaa zao, watumishi wao na majirani zao. Pamoja nao alikuwa Noe Mawaggali, mfinyanzi wa vyungu wa chifu, aliyebatizwa tarehe 1 Novemba 1885. Hawakuwa na shule kubwa wala vitabu vingi. Walifundisha jioni, kazi ikiisha, na nyumba zao zilikuwa ndizo kanisa.

Mapadri waliporudi, wakristu wa Mityana walikwenda mpaka misioni yao karibu na mji wa mfalme ili kushiriki Misa, safari ya miguu ya kilometa zaidi ya 60. Wote hawakuweza kuondoka pamoja, kwa kuwa kazi na watoto vilihitaji watu. Waliobaki walisali nyumbani, na waliokwenda waliporudi waliwaeleza wenzao yale waliyosikia. Hata mwaka wa 1886 wakristu na wanafunzi wa dini katika Mityana walikuwa wamefika kama 200.

Sisi wa Goma twaweza kuielewa habari hii kuliko wengine. Tarehe 17 Januari 2002 moto wa Nyiragongo ulipita katikati ya mji, ukateketeza hata kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu. Mwaka wa 2020 makanisa ya inchi yetu yalifungwa kwa miezi kadhaa sababu ya ugonjwa wa korona. Tarehe 22 Mei 2021 moto uliteremka tena, nasi tukakimbia, wengine kwenda Sake, wengine Rutshuru, wengine kuvuka mpaka. Katika siku hizo zote, nani aliwasalisha watoto wetu? Katika nyumba ambamo baba na mama walizoea kusali, sala iliendelea njiani, chini ya shiti la plastiki, penye umati wa watu. Katika nyumba ambamo mambo ya Mungu yaliachiwa padri peke yake, sala ilikatika siku ile ile padri alipokosekana. Maaskofu wa inchi yetu waliona mbele walipochagua, mwaka wa 1961, kulijenga Kanisa juu ya jumuiya ndogo zenye uhai. Mityana ilikuwa shirika la namna hiyo miaka karibu 80 kabla yao.

TANGU ALHAMISI HATA DOMINIKA

Mwezi wa Mei 1886 mfalme Mwanga alikata shauri kuwaua wakristu. Matia na Luka walikuwa katika mji wa mfalme pamoja na chifu wao. Tarehe 26 Mei walikamatwa na kufungwa, na kesho yake, siku ya Alhamisi, walipelekwa mbele ya Katikiro, waziri mkuu wa mfalme.

Katikiro hakuanza na mambo ya mafundisho. Alianza na nyumba. Alimdhihaki Matia kwa sababu mtu mzima wa cheo chake alifuata dini ya wageni, akawaacha wake zake, hata pengine sasa anajipikia chakula mwenyewe. Matia alimwuliza kama ameletwa kwenye hukumu juu ya dini yake ama juu ya wembamba wa mwili wake. Katikiro alikasirika, akaamuru auawe kwa kukatwa viungo, akaongeza kwa dharau kwamba Mungu wake aje kumwokoa. Matia alijibu kwa utulivu kwamba Mungu atamwokoa kweli, lakini Katikiro hataona namna yake, maana Mungu ataichukua roho na kumwachia yeye mwili tu.

Walipelekwa kwenye njia ya Namugongo. Walipofika kwenye kilima cha Kampala ya zamani, Matia alisimama, akawaomba wauaji wamalize kazi yao hapo hapo. Aliagana na Luka, akimwambia kwamba wataonana mbinguni. Wauaji walimkata mikono na miguu, wakamtoa vipande vya nyama mgongoni na kuvichoma mbele ya macho yake, kisha wakaifunga mishipa ili damu isitoke upesi na kifo kichelewe. Wakamwacha peke yake katika majani.

Watu waliokwenda huko kukata matete walisikia sauti ya mtu akiomba maji. Walipomwona, waliogopa, wakakimbia. Alikufa tarehe 30 Mei, siku ya Dominika. Luka alichomwa moto huko Namugongo tarehe 3 Juni, pamoja na Karoli Lwanga na wenzao.

MGOMBA NA WANA WAKE

Mateso yalifika mpaka Mityana. Askari walipora nyumba za wakristu. Tarehe 31 Mei walimchoma mikuki Noe Mawaggali. Dada yake Munaku alitoka akajitoa auawe pamoja na ndugu yake, lakini walimchukua mateka, yeye na Kikuvwa, bibi ya Matia, na watoto. Baadaye Munaku alikombolewa na mapadri, akabatizwa kwa jina la Maria Matilda, akajitolea kwa Bwana katika useja maisha yake yote.

Hivyo machoni pa watu jamaa ya Matia ilikuwa imekwisha: baba ameuawa, mama na watoto wametekwa, shamba limeachwa. Lakini kila mkulima anajua desturi ya mgomba. Mti mmoja unazaa mkungu mmoja tu, kisha unakatwa. Asiyejua anafikiri kwamba shamba limeharibika. Anayejua anaangalia chini, penye shina, na kuona wana wa mgomba wamekwisha kusimama, nao wanakunywa maji katika udongo ule ule wa mama yao. Wakristu wa Mityana walitawanyika, lakini hawakuiacha sala waliyojifunza katika nyumba ya Matia. Leo Mityana ni kiti cha askofu, katika jimbo la Kiyinda-Mityana lililoanzishwa mwaka wa 1981.

Papa Benedikto wa 15 alimtangaza Matia na wenzake kuwa wenye heri tarehe 6 Juni 1920, na Papa Paulo wa 6 aliwatangaza watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964, wakati wa Mtaguso wa pili wa Vatikano. Wao ni 22. Tunawasherehekea kila mwaka tarehe 3 Juni.

NENO KWA JAMAA ZETU

Iko methali ya Kiswahili isemayo kwamba mgomba changaraweni haupandwi ukamea. Sisi tunaokaa juu ya mawe meusi ya Nyiragongo tumeona jambo lingine. Mama wa Goma anatafuta ufa kati ya mawe, anabeba udongo katika kikapu, anaongeza takataka za jikoni, anamwagilia maji aliyoyachota ziwani, na mgomba unamea. Methali haikudanganya, mawe peke yake hayazai. Ni mikono ya kila siku inayoyafanya yazae.

Basi, wazazi wapenzi, imani ya watoto wetu ni hivyo. Wengi wetu tulipoteza mashamba, wengine nyumba, wengine watu tuliowapenda kuliko vyote. Moyo wa mtoto aliyeona mambo hayo waweza kuwa mgumu kama jiwe. Tusikate tamaa, wala tusiwaachie mapadri na makatekista kazi yote. Tubebe udongo kikapu kwa kikapu: sala fupi asubuhi kabla ya kutoka, ishara ya msalaba kabla ya kula hata kama chakula ni kidogo, fungu moja la Rozari jioni, neno la msamaha kati ya bwana na bibi kabla ya kulala, mzigo wa mama uliopokewa mlangoni. Matia hakuacha kitabu wala jengo. Aliacha nyumba moja iliyosali, na ikatosha.

Katika Jubilei hii tumshukuru Mungu kwa miaka yote iliyopita, na tumwombe parokia yetu iwe na nyumba nyingi za namna hiyo.

Mtakatifu Matia Mulumba, baba wa nyumba na mwalimu wa dini, utuombee.